Mzee wa Chang'ombe aliyechora sinema kwa mkono, na mama aliyekuwa anatembea kama mimi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Humu kila siku ni nyuzi za mapenzi na biashara, leo naomba niwaletee uzi wa katuni. Sikusimuliwa, niliishi mwenyewe, na mpaka leo bado najiuliza maswali.

Ilikuwa enzi zile za ruksa. Nimemaliza form four, nikatoka Bukoba kwa meli mpaka Mwanza, nikapanda treni kwenda Dar. Mjomba alikuwa ameniandalia meza ya mitumba.

Treni yenyewe ilikuwa inasimama popote ilipojisikia. Tabora tulilala. Dodoma tukaipita vizuri, watu wakaanza kufurahi, tulipofika Ihumwa injini ikafa kabisa.

Abiria tukashuka kunyoosha miguu. Pembeni ya reli nikamwona mzee kakaa kwenye jiwe, baiskeli kailaza chini, anaangalia ng'ombe wakivuka reli huku anachora.

Nikamsogelea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Toka hapo, unanizibia miguu."

Miguu ya ng'ombe ndiyo aliyokuwa anaitaka! Ng'ombe walipoisha akanionyesha. Kila karatasi ilikuwa na ng'ombe mmoja, wote wanafanana. Nikaona kawaida tu.

Kisha akazishika kwa kidole gumba akaziachia haraka haraka. Ng'ombe akatembea.

Wakuu, mimi nilishaona sinema. Lakini sikuwahi kujiuliza inatoka wapi. Nilimwomba arudie mpaka akacheka. Injini ilipopona na treni ikapiga honi, mimi nilikuwa nimeshashusha begi langu. (Mjomba alinuna miaka, hiyo tuiache.)

Mzee huyo nitamwita Mzee Yona. Alikuwa anaishi Chang'ombe, ile ya Dodoma si ya Dar, na mkewe, Mama Edina. Ujana wake wote alichora filamu za mafunzo za serikali, zile zilizokuwa zinazungushwa vijijini kwa gari. Mbu anamng'ata mtu, inzi anatoka chooni anatua kwenye ugali. Kila kitu kwa penseli na rangi, karatasi kwa karatasi. Vijana wengi wa kuchora walipita mikononi mwake.

Halafu zikaja deki na vibanda vya video. Ofisi ikapunguza watu. Yeye akahamishiwa Dodoma kuchora mabango, akaja na kamera yake ya filamu na meza ya kioo yenye taa kwa chini.

Nilipofika, kamera ilikuwa inatakiwa kurudishwa Dar mwisho wa mwezi, na chumba chake kazini kinakuja kuwekwa mashine ya fotokopi. Alikuwa amebakiwa na mkanda mmoja tu ambao haujapigwa picha. Mikanda mingine ya aina ile ilikuwa haiagizwi tena.

Aliniambia, "Maisha yangu yote nimechora vyoo. Huu mkanda ni wangu."

Alitaka kuchora mama mmoja anayetafuta ndama aliyepotea wakati wa ukame. Basi. Hakuna mafunzo, hakuna mbu.

Shida ilikuwa vidole. Vilishaanza kukakamaa, hawezi kuchora siku nzima. Kwa hiyo yeye akawa anachora mwanzo na mwisho wa kila hatua, mimi najaza michoro ya katikati. Unaweka karatasi juu ya karatasi kwenye kile kioo, taa inakuonyesha ya chini, unachora inayofuata imesogea kidogo tu. Nilikuwa naweza kuchora tangu shule, nikaona nimepata kazi rahisi.

Nikampelekea fungu la kwanza. Akaziachia kwa kidole, akaita, "Mama Edina, njoo uone! Huyu mama anatafuta ndama au anawahi treni?"

Mama Edina akaangalia, akaniangalia na mimi. "Si ndiye huyu huyu mtu wa ndizi wa Bukoba? Tazama mabega. Anatembea kama mgeni wetu!"

Nikakataa. Mzee akaniambia nitembee uani, niende nirudi. Majirani wakachungulia. Kweli bwana, yule mama wa kwenye karatasi alikuwa mimi, nimevaa kaniki.

Mzee akanieleza kwamba mchoraji asipojichunga, kila anayemchora hutembea kama yeye. Ndiyo maana haruhusu mtu achore mwendo kabla hajautembea. Alinitembeza pale uani kama mama anayetafuta, siku baada ya siku, na siku baada ya siku nilikuwa nawahi treni.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Akanipeleka Hombolo, kule bwawani. Tukakaa mpaka tukamwona mama mmoja anamtafuta mbuzi wake kweli. Mzee akaninong'oneza, "Usiangalie anavyotembea. Angalia anapoacha kutembea."

Nikaona. Alikuwa anasimama. Hatua chache, anasimama, shingo kaigeuza, anasikiliza. Mimi kwenye michoro yangu yote sikuwahi kumsimamisha mtu.

Nikarudi nikachora upya. Mzee akaziachia kwa kidole, hakucheka. Akaniambia, "Huyu ndiye."

Sasa hapo ndipo tulipojiloga wenyewe. Mtu akisimama huhitaji mchoro mpya, ni karatasi ile ile. Lakini kamera lazima iendelee kuipiga, na kila ukipiga mkanda unakwisha. Sisi tulipima mkanda kwa michoro, tukasahau kupima kusimama.

Tukiwa tunapiga, mzee akasikiliza kamera akasema, "Mkanda hautoshi." Ndama alikuwa bado yuko mezani, fungu zima, hajapigwa hata picha moja.

Nikamwambia tuondoe ule mchoro wa mama kusimama, turukie kwa ndama. Yeye akamweka mama amesimama, kageuza shingo, akaendelea kumpiga yeye yeye mpaka mkanda ukaisha.

Kamera ikaondoka. Mkanda ukapelekwa kusafishwa nje ya nchi, tukaungoja mpaka nikachoka kuuliza. Uliporudi tuliazima projekta parokiani, tukaziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe, majirani wakajaa sebuleni.

Mama akatembea. Akasimama. Akatembea. Akasimama, kageuza shingo. Mkanda ukaisha, ukuta mweupe.

Nikajua tumeharibu, filamu haina mwisho.

Mama Edina akasema taratibu, "Amemsikia."

"Amemsikia!" wakaitikia wengine, na bibi mmoja wa Kigogo pale mbele akaanza kupiga vigelegele. Ndama hakuna mtu aliyemwona, wakuu. Mzee Yona alikuwa anafuta miwani.

Sikukaa sana baada ya hapo. Miguu yangu mnaijua sasa. Siku naondoka mzee alinisindikiza stesheni, treni ya Dar, mimi sikurudi tena Dodoma. Hatukuagana kwa maneno mengi. Alikuwa ananiangalia miguu, si uso.

Nikapiga hatua kuelekea behewani, nikasimama, nikageuka.

Akapaza sauti, "Hapo hapo! Sasa unajua!"

Nimetembea mikoa mingi tangu siku ile, na nilichojifunza ni kimoja tu: mtu utamjua anaposimama. Wenye kumbukumbu za filamu zile za mbu na vyoo, au waliowahi kuchora hivi, karibuni mtiririke. Hasa nataka kujua kama kuna mtu anajua ule mkanda uko wapi.