Kompyuta Iliyosahau Siku

Wakati wa vita, barabara ya Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi ziwani, ilifungwa na kufunguliwa bila taarifa. Kwa hiyo mama mmoja, jirani yetu wa mtaa wa Mususa aliyekuwa na arusi ya binti yake, alitaka mialiko ya kaka zake, wavuvi wa huko, iondoke asubuhi ileile na lori la wauza samaki. Mchapaji nilikuwa mimi.

Juu ya mwaliko niliweka amri fupi. Programu ya kuchapia ikiikuta, huiuliza kompyuta leo ni tarehe ngapi, kisha huandika jibu. Ni amri nzuri, ila betri ya saa ya kompyuta yetu ilikuwa imekufa. Kila jenereta ilipozimika, kompyuta ilisahau siku na kurudi kwenye mwaka wa zamani sana. Na siku hiyo ilizimika katikati ya kazi.

Mama akashika karatasi iliyofuata. "Mais mwana yangu! Mu hii mwaka bibi arusi alikuwa hajazaliwa! Na umeandika 'Jumamosi ijayo'. Batajua ni Jumamosi gani?"

"Pole, mama. Mashini imetoka kulala, hapana kujua siku."

"Basi uiambie! Weye hapana kulala!"

Alisema kweli. Nikaifuta amri, nikaandika tarehe yenyewe, kama uandikavyo kwenye barua. Tarehe ya namna hiyo haiulizi saa yoyote, na jenereta ikizimika, yenyewe hubaki palepale. Karatasi ya mwisho ilitoka lori likipiga honi, mama akalikimbilia viatu mkononi.

Jumamosi wajomba walifika kabla ya padri, na vikapu vya tilapia, wakilalamika kwamba sisi ndio tumechelewa.