Ndugu Wawili, Karatasi Mbili

Mwanangu, umeniambia Jumatatu unaanza kazi ya kutafsiri kwa wakimbizi, na mama yako ameshakupigia pasi shati. Kaa kwanza. Nimechoka, na habari hii imenichosha kuliko umri, lakini nisipokuambia leo utaenda na kiburi kilekile nilichokwenda nacho mimi.

Kuna siku moja naikumbuka, wakati wa vita vya zamani vya ng'ambo ya ziwa, boti zikishusha watu Puta, gati letu la upande huu, asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa kijana mwenye Kiingereza cha shule ya Nchelenge na Kiswahili cha mama yangu, aliyezaliwa upande wa Kongo. Wakaniweka kwenye meza ya kuandikisha, kando ya afisa mmoja mpole. Nilichomeka kalamu mbili mfukoni, ingawa aliyeandika alikuwa yeye.

Wakaja wanawake wawili, Ngoie na mdogo wake Adela, mjamzito wa miezi minane. "Uyu ni ndugu yangu," akasema Ngoie. Nikatafsiri. Afisa akaanza kuandika: dada wawili, karatasi moja. Hapo ningenyamaza, mwanangu, na leo ningekuwa nalala vizuri. Lakini nilitaka aone jinsi Kiingereza changu kinavyopambanua mambo. Nikamwuliza Ngoie kama mama yao ni mmoja.

"Mama yake ni mudogo wa mama yangu," akajibu. "Lakini tulikomea nyumba moja, tukalelewa pamoja. Batu bote banajua."

Nikamgeukia afisa na kumsahihisha kwa fahari: hawa si dada, ni cousin. Akanishukuru mbele ya watu. Akafuta, akatoa karatasi ya pili.

Malori yalipakia watu kwa karatasi. Ya Ngoie ikamwelekeza kambi moja, ya Adela kambi nyingine, mbali sana. Ngoie aling'ang'ania ubao wa lori akilia, "Banatutenganisha juu ya nini?" Nilijua juu ya nini. Ningeweza kurudi kwa afisa na kusema nimekosea, kazi ya dakika mbili tu. Nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimeshasifiwa. Nikamwambia atulie, mambo yatapangwa, kisha nikamwita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Jumapili ile nilimsimulia mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, nikitarajia anisifu na yeye. Mzee yule hakucheka. Alifungua kamusi yake nene, karatasi zake zimeliwa na mchwa pembeni, akanisomea safari ya neno langu, cousin. Warumi wa kale walikuwa nalo kwa mtoto wa dada ya mama, yaani mtu kama Adela hasa. Likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza, likameza kila mtu: mtoto wa mjomba, wa shangazi, wa baba mdogo, jamaa wa mbali. Hata wafalme wasio na uhusiano waliitana hivyo kwa heshima. Sisi hapa ziwani mtoto wa mjomba ni mufyala, mtu wa utani, lakini mtoto wa mama mdogo ni ndugu, basi.

"Yule mama alikwisha kukupa neno," mwalimu akasema. "Ulitafuta lingine la nini?"

Miaka ikapita. Siku moja sokoni Chienge nikainama kununua chisense, wale samaki wadogo wakavu, na muuzaji akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Baba, ni weye ulikuwa unatusemea ku meza?"

Alikuwa Ngoie. Akaniambia, huku akiendelea kujaza kopo, kwamba Adela alijifungua kati ya watu asiowajua, akafa siku ya tatu. "Nilifika, kaburi imeisha kuota majani." Nilitamani anitukane. Nikamwomba msamaha, na msamaha wenyewe ukatoka mdogo, kama wa mtu aliyekukanyaga mguu. Akafunga mfuko wangu, akanipa.

"Mutoto wake ananiita mama," akasema. "Uyu naye, ungemuandika nani?"

Nikalipa, mwanangu, nikaondoka na mfuko wangu.

Kwa hiyo sikia. Mtu akikuambia huyu ni ndugu yangu, mpelekee afisa udugu huo ulivyo, usiuchokonoe ili uonekane msomi. Usipojua, uliza wanaishi vipi na nani anamlea nani. Na ukikosea, utakosea tu, rudi siku ileile useme nimekosea, kabla lori halijawashwa, hata kama umeshasifiwa na wakubwa. Haya ya dakika mbili inabebeka. Niliyobeba mimi imenimaliza mabega.

Nenda sasa. Mungu aukalie ulimi wako, na kila atakayepita mezani kwako apande lori na mtu wake.