Mami Anaenda Kambini

Binti yangu alipozaliwa sikuwa na mume, kwa hiyo jina lake halikuhitaji mashauriano. Kwetu msichana wa kwanza humrudisha mama wa baba yake, yaani hupewa jina lake. Lakini baba asipokuwepo, humrudisha mama wa mama. Mama yangu alishuka kutoka Elburgon na chupa ya uji na blanketi la manjano, akaingia wodini, akampakata mtoto na kumtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima nguo dukani mbele ya kioo. Kisha akasema, "Haya basi, nimefika."

Tangu siku ile mtoto alikuwa yeye. Jina la ubatizo lilikuja baadaye, na lilikaa kanisani na shuleni kama viatu vizuri ambavyo havivaliwi nyumbani. Mimi nilimwita Mami, vile nilivyomwita mama yangu tangu nijue kusema. Baba yangu alimwita "bibi yangu," yaani mke wake. Alikuwa akimnyanyua mtoto juu ya kichwa, nepi ikining'inia, na kutangaza kwamba bibi yake leo hajaoga, na mama yangu akimjibu kutoka jikoni kwamba watu waje waone, mzee ameoa wa pili na hata meno hana. Mtoto alicheka bila kuelewa. Nyumba yao ya Elburgon ilikuwa na Mami wawili, mmoja wa kupika na mmoja wa kulishwa, na nikiita, waliitika wote.

Mama alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Ulikuwa ugonjwa wa kifua, na kule juu karibu na msitu wa Mau msimu wa baridi haumhurumii mtu wa kifua. Siku ya mazishi kila mwanamke aliyefika alimtafuta mtoto kwanza. Walimkumbatia, wakalia juu ya nywele zake, wakamwambia, Mami, wewe hujaenda, wewe uko hapa na sisi. Yeye alisimama wima ndani ya mikono yao, mikono yake mwenyewe ikiwa imelala ubavuni, akangoja amalizwe na huyu ili apokewe na yule. Nakumbuka nikifikiri, ana adabu kweli.

Baada ya hapo tulirudi Lanet, kwenye nyumba yetu ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, tukaanza kulala katika kitanda kimoja. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Na nilimwita. Nilimwita nikiwa na la kumwambia na nikiwa sina. Mami, umevaa soksi? Mami, mvua hiyo. Wakati mwingine nilimwita tu, yeye akainua kichwa kutoka kwenye vitu vyake vya kuchezea na kuniangalia, nami nikasema, hakuna kitu, endelea. Mtu aliyefiwa na mama hupokonywa mambo mengi, lakini mimi neno hili sikupokonywa. Kinywa changu kilikuwa bado na kazi yake ya zamani.

Likizo ya Agosti mwaka huu kanisa letu lilitangaza kambi ya watoto, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kule chini karibu na Ziwa Elmenteita. Wangelala kwenye mabweni ya shule. Watoto wa gredi ya pili kwenda juu waliruhusiwa, na wangu alikuwa ndio ameifikia hiyo ya pili. Nilikuwa na hakika angekataa. Mtoto anayelala akiwa ameshika kidole changu ataenda kulala wapi bila mimi? Lakini tulipotoka ibadani alisema anaenda, kabla hata sijamwuliza. Nilimwambia kule usiku kuna baridi.

"Niko na sweta," alisema.

Nikamwambia choo kiko nje, mbali na bweni.

"Niko na tochi."

Tochi hakuwa nayo. Nilienda kumnunulia.

Kila mtoto alitakiwa kubeba sahani yake, kikombe na kijiko. Nilimpa sahani ya bati ya buluu, na nikafanya vile nilivyoona mama akifanya maisha yake yote. Wanawake wa Elburgon hukopeshana vyombo kila kukiwa na harusi au matanga, na ili vyombo virudi, kila mmoja huviandika jina mgongoni kwa rangi ya kucha. Mama yangu hakuwahi kupaka rangi kucha hata moja, lakini chupa nyekundu haikukosa kwenye kabati lake la sufuria. Nami nilikuwa na yangu. Nilipindua sahani juu ya meza, nikaandika kwa herufi nzuri, nikitoa ulimi kama mtoto: MAMI. Mkono wangu ulienda wenyewe. Yeye alikuwa amesimama pembeni, na nilipomaliza aliinama akaipuliza rangi ikauke.

Jumatatu asubuhi uwanja wa kanisa ulijaa magodoro yaliyokunjwa na wazazi waliokuwa wakitoa maagizo yaleyale waliyoyatoa nyumbani. Wangu alishapanda basi. Niliona nimesahau kumpa mafuta ya kujipaka, nikamwita, Mami, kutoka chini ya dirisha. Mvulana mmoja mkubwa kiasi aliyekaa kiti cha mbele yake aligeuka.

"Kwani wewe ndio mathe na huyu ndio mtoto?" akamwuliza, akininyooshea kidole. Mathe ni mama kwa lugha yao ya mtaani.

Basi zima lilicheka, na mimi pia nilicheka. Binti yangu alinyoosha mkono, akachukua chupa ya mafuta, akafunga dirisha. Basi lilipokata kona kuingia barabara ya Nairobi nilikuwa nimeinua mkono tayari kumpungia, lakini niliona kisogo chake tu, na ile mistari ya nywele niliyomsuka jana yake.

Wiki ile nilijifunza jinsi nyumba yetu ilivyo na sauti nyingine. Friji ina sauti. Mabati ya jirani hulia jua likiyapiga. Magari ya kambi ya jeshi hupita alfajiri, na sikuwahi kuyasikia kwa sababu saa hiyo ningekuwa nabishana na mtu kuhusu uji. Nilitandika kitanda vizuri na hakikuharibika. Mara mbili au tatu nilijikuta nimefungua mdomo kuita. Nilikuwa nimesimama kati ya jikoni na sebule, sijui hata namwita yupi.

Jumatano nilishindwa, nikampigia simu mwalimu wa shule ya Jumapili aliyewasindikiza. Nilimwuliza mtoto anaendeleaje. Akasema, huyo wako hana maneno, anakula, anacheza, jana ameimba peke yake mbele ya wenzake. Akataja jina. Ilinichukua muda kujua anamzungumzia nani. Lilikuwa jina la ubatizo, nililolichagua mwenyewe, lakini katika sauti ya yule mwalimu lilikuwa la msichana mwingine, mwenye sauti ya kuimba na marafiki, ambaye sikuwa nimemzaa. Niliomba kuongea naye. Nilisikia upepo, vishindo vya miguu, watoto wakibishana juu ya mpira. Mwalimu alirudi akicheka.

"Anasema anacheza. Mtaongea Ijumaa."

Ijumaa alishuka kwenye basi akiwa mweupe hadi magotini. Jana yake walikuwa wametembezwa Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mwepesi kama unga, na kila mtoto alipewa bonge la kubeba. Vumbi lilikuwa bado kwenye soksi, kwenye nyusi, ndani ya masikio. Nilichuchumaa nikafungua mikono. Alikuja akanikumbatia, kweli alinikumbatia kwa nguvu, lakini nilipotaka kumpokea begi aliliweka upande wa pili na kusema analiweza. Njia nzima alitembea mbele yangu, begi likimgonga nyuma ya magoti.

Nilikuwa natoa vyombo vyake ili nivioshe nilipoipindua sahani. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Rangi ya buluu yenyewe ilikuwa imefifia pale katikati, imekwaruzwa duara baada ya duara, na kwenye mikwaruzo kulibaki weupe wa Kariandusi.

"Nilitoa," alisema kabla sijauliza. "Na ule udongo. Inasugua vizuri."

Aliniambia yote akila, mdomo umejaa, wala hakuwa analalamika. Siku ya kwanza wakati wa chakula watoto waliisoma sahani na kumwita mathe. Mathe, ongeza supu. Mathe, nifunge kamba. Jioni msichana mdogo wa kitanda cha chini alilia akitaka kwao, na wengine wakamleta wakisema, mathe, mtoto wako analia. Akambembeleza, kwani angefanyaje. Walipotoka machimboni akaketi kwenye bomba la maji akasugua mpaka mikono ikamuuma. Kisha akapita kitanda hadi kitanda, akawaonyesha sahani, akawaambia jina lake. Wakaanza kumwita hilo. Ilikuwa rahisi hivyo.

Nilimwambia hao ni watoto tu, wana mzaha. Nilimwambia nitaiandika tena vizuri, kwa herufi ndogo.

"Usiandike," alisema. Akaweka kijiko chini. "Hata kuniita, usiniite hivyo."

Nilimwuliza kama anajua ni jina la nani. Aliitikia kwa kichwa: la shosho, mama yangu.

"Nikiwa Mami watu wanalia wakiniona. Huko hakuna mtu alikuwa analia akiniona." Alifikiri kidogo, na sura yake ikawa ya mtu anayekiri ameshindwa na hesabu. "Na sikumbuki nikiwa shosho. Nimejaribu. Sikumbuki kitu."

Miaka miwili. Kwa miaka miwili yule mtoto alikuwa akikaa kimya kwenye sakafu yetu, akitafuta ndani yake bibi mzee wa Elburgon, kwa sababu sisi watu wazima tulimwambia yumo. Nilitamani kumwambia kwamba hiyo ni namna tu ya kusema, kwamba hakuna aliyemtaka akumbuke. Lakini haikuwa kweli. Mimi nilitaka. Kila nilipoita bila sababu nilikuwa nikisikiliza kama ataitika na ile sauti nyingine.

Nilisema sawa. Jioni ile alichukua blanketi lake akahamia chumba cha pili, akauacha mlango wazi kidogo, upana wa kiganja.

Siku zilizofuata niligundua kwamba mtu anaweza kuishi na mtoto bila kumwita. Unasema njoo. Unasema chakula kiko tayari. Unagonga meza. Unaenda mpaka alipo na kumgusa bega. Jina lake nilikuwa nalo kinywani, lakini kila nilipotaka kulitoa niliona nikilitoa namfukia mama kwa mkono wangu, na nikagonga meza.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya kwenda kumwona baba. Kabla hatujatoka nilimpigia magoti sebuleni nikimfunga vifungo vya sweta, nikamwomba kitu kimoja kuhusu babu yake. Guka amezeeka. Amebaki peke yake na ndama na redio. Akikuita bibi yangu, mwache tu, unaonaje? Ni leo tu.

"Hata Jumapili zile zingine itakuwa ni leo tu," alisema.

Nikamalizia kifungo cha juu.

Elburgon kulikuwa na ukungu, na harufu ya mbao mbichi ilitupokea kabla ya mtu. Baba alikuwa langoni akiwa na koti lake la zamani la kazini. Alifanya kazi kwenye viwanda vya mbao mpaka misumeno ikamchukulia masikio, na siku hizi huongea kwa sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Bibi yangu amerudi safari," alisema, akafungua mikono. "Nilidhani umepata mwingine huko."

Binti yangu alimpa mkono badala ya kuinamisha kichwa aguswe. Hakuniangalia. Alimwambia kwa upole kwamba yeye si bibi yake, bibi yake alikuwa shosho, na shosho alikufa. Kisha akamwambia jina lake.

Baba aliinama na kutega sikio, akamwomba arudie. Akarudia. Mzee alilijaribu, likamvunjikia katikati, maana lile ni jina la wazungu wa zamani na ulimi wake haujalizoea. Mtoto alimrekebisha. Akajaribu tena, taratibu, akimtazama midomo, na safari hii lilifika nusu. Mtoto aliridhika. Akauliza kama ndama ameachishwa kunyonya, na bila kungoja akakimbia nyuma ya nyumba.

Nilianza kumwomba baba msamaha kwa niaba yake, nikasema ni mambo ya kambi, yatapita. Alinyanyua mkono ninyamaze. Alikuwa anatazama pale mtoto alipopotelea, kwenye kona ya boma, na uso wake ulikuwa kama siku ile tuliporudi kutoka kaburini na watu wote wameshaenda.

"Basi ameenda kweli," alisema. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa amesema kwa sauti ya chini.

Tulisimama hapo, mimi na baba yangu, ukungu ukituingia kwenye nguo. Sikumshika. Sisi hatushikani. Baadaye nilienda jikoni kuwasha moto, nikaweka chai, nikatafuta sukari mahali ambapo sasa yeye huiweka. Chai ilipochemka nilitoka mlangoni kumwita mtoto, nikafungua mdomo, na nikasimama hivyo.

Baba alinitangulia. Alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na ukuta, na aliliita lile jina kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, limevunjika palepale katikati. Kutoka kwa ndama mtoto aliitika. Akaja akikimbia, mikono imejaa mate ya ndama, akaketi karibu na babu yake kwenye gogo na kupokea kikombe. Mimi nilikuwa bado mlangoni. Nilikuwa sijalitamka hata mara moja.