Pumua, Kipenzi

Kazi ya mama huyu ni kukaa kwenye kishimo mbele ya jukwaa, akiwanong'onezea waimbaji wa opera maneno wanayoyasahau. Kwanza huwatuliza, kwani neno likipotea, pumzi nayo hufuata. Jana, mapinduzi yamepamba moto jukwaani, msaliti alimkumbatia mchumba wake ili amtaje kwa askari, akabaki kakodoa macho, neno limempotea.

"Pumua, kipenzi," mama akanong'ona. "Ni huyu."

Msaliti akayaimba yote, hata hilo la "Pumua, kipenzi", kwa sauti ya kupasua dari. Mama akaanza kukunja shali yake, kazi imeota mbawa. Mara ukumbi mzima ukaangua kilio. Roho ikamrudia.

Pazia liliposhuka, mtunzi wa opera hiyo alimjia akijifuta machozi. "Mama, hayo maneno niliyaandika lini?"

"Zamani, mwanangu. Umesahau tu."