Kivuli Kilichobaki Chini ya Pikapu

Ningekuwa na kipaji cha kutunga, ningetunga kisa kinachonipa sifa. Hiki hakinipi sifa yoyote, na ndiyo maana nakuomba uniamini. Shule niliiacha darasa la sita, siku nilipoona lori limeelekea Tandahimba nikataka kujua linakwenda kubeba nini. Tangu hapo sijatulia. Nimepalilia mikorosho Lupaso, nimeendesha bodaboda Masasi, na katikati ya kuzurura huko nikajifunza kufunga umeme wa majumbani. Nakwambia haya ili ujue kwamba mtu aliyeingia kwenye lile banda alikuwa mtu mzima, mwenye akili zake, na mwenye kujua taa.

Ilikuwa msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Abiria wangu mmoja alinidokeza kwamba yuko mzee Newala anayetafuta fundi wa kumwekea mwanga mzuri kwenye banda lake la gari, nyumbani kwake. Nikapanda Newala kesho yake.

Mzee mwenyewe anaitwa Baba Zuhura. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku uso ameuelekeza pembeni yangu kidogo. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yake yote mawili, meupe kama maji ya mchele. Sasa niambie, mtu asiyeona anataka taa za nini? Mimi ambaye huuliza hata mbuzi anakwenda wapi, swali hilo sikuliuliza.

Mkewe, Mama Zuhura, aliniuliza nimetokea wapi. Nikamtajia.

"Juzi Lupaso, jana Masasi, leo hapa," akasema. "Mwanangu, una miguu au una magurudumu?"

Tukacheka. Lakini niliona kwamba hakulisogelea lile banda. Chai aliiweka juu ya mfuniko wa kisima cha maji ya mvua, akaniita niifuate pale.

Ndani ya banda kulikuwa na pikapu kuukuu iliyozoea kubeba korosho. Tairi la mbele lilikuwa limetolewa, gari limekaa juu ya mawe. Ukuta ulikuwa wa matofali matupu, na balbu moja ilining'inia nyuma, karibu na mlango. Nilichuchumaa pale kwenye tairi lililotolewa, nikaelewa ubaya wake mara moja. Mwanga ulikuja mgongoni, kivuli changu mwenyewe kikaangukia pale pale nilipotaka kutazama.

Nilimweleza Baba Zuhura kwamba balbu moja, hata iwe kali namna gani, huzaa kivuli kikali. Dawa ni kupaka ukuta chokaa ili mwanga urudi ndani, kisha kufunga taa ndefu za tyubu pande zote mbili za gari, na nyingine chini ukutani ili imulike uvunguni. Vivuli vinafutana vyenyewe. Alisikiliza kwa makini sana, akiwa ameshika ngazi yangu.

"Sitaki kivuli hata kimoja chini ya gari hili, fundi," akasema.

Siku nilipomaliza kuunganisha nyaya, adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Jirani alimshika mkono Baba Zuhura wakaenda msikitini. Nilikuwa nimewasha taa kuzijaribu, na umeme ukakatika, kama unavyokatika huku kwetu. Nikawasha tochi ya simu.

"Kaka, nimulikie hapa."

Sauti ilitoka chini ya gari. Ya kijana, iliyobanwa kidogo, kama ya mtu ambaye chuma kiko juu ya uso wake. Je, niliogopa? Sikuogopa. Nilidhani ni jirani aliyekuja kusaidia. Nikamuuliza ameingia saa ngapi, akanijibu kwamba yeye yupo tu, kazi yake haijaisha. Nikachuchumaa, nikamulika. Niliona mkono mpaka kwenye kiwiko, umejaa grisi, kiganja kimefunguka.

"Nipe kumi na saba."

Spana namba kumi na saba ilikuwa juu ya meza ya kazi. Nikaichukua nikamwekea kiganjani. Vidole vyake vilinigusa, vya baridi kama ndoo inayotoka kisimani alfajiri.

"Hapo hapo," akasema. "Baba hajawahi kunimulikia."

Umeme ukarudi. Taa zote zikawaka, banda likawa jeupe kama ndani ya yai. Chini ya gari hapakuwa na mtu. Spana ilikuwa imevaa nati, inacheza taratibu, kama iliyoachiwa sasa hivi.

Kazi yangu ilikuwa imefaulu, amini. Ngazi haikuwa na kivuli. Meza haikuwa nacho. Mimi mwenyewe nilijitazama miguuni, sikukiona. Lakini kwenye sakafu, penye tairi lililotolewa, kulikuwa na kivuli cha mtu aliyelala chali, mkono mmoja ameunyoosha. Na hapakuwa na kitu cha kukitupa.

Sikukimbia. Baba Zuhura alirudi akanikuta nimesimama, akauliza kama vivuli vimeisha. Nikamwambia vimeisha, kimebaki kimoja.

Hakushtuka. Alipiga magoti akaomba nimwonyeshe. Nikamshika mkono, nikaulaza juu ya kile kivuli, naye akaanza kukipapasa pole pole kama anayepima homa ya mtoto. Ndipo akanisimulia. Issa, kitindamimba wake, alifia hapo. Jeki iliteleza kwa sababu aliiweka vibaya, na aliiweka vibaya kwa sababu alikuwa anajizibia mwanga. Msimu mzima alikuwa akimwomba baba yake taa ya pili. Baba akamjibu kwamba macho ya kijana hayahitaji taa mbili.

"Sasa anaona," mzee akasema. "Sasa mwanangu anaona."

Nilipotoka, Mama Zuhura alikuwa kisimani. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama Issa aliniomba kitu. Kumbe alijua! Nikamwambia aliomba spana. Akauliza niliiweka chini, au nilimpa mkononi.

Nikasema mkononi.

Akashika kichwa. "Mwanangu, kwetu chuma hakipokezanwi mkononi jua likizama. Kinawekwa chini, anayekitaka akiokote. Ukimpa mkononi umemkubali."

Nilisema mafundi wote hupeana spana mkononi, tumezoea hivyo.

Asubuhi niliporudi bandani, sakafu ilikuwa nyeupe tupu, bila kivuli. Baba Zuhura alikuwa amepiga magoti chini ya zile taa nzuri, anapapasa kila pembe, anauliza, "Yuko wapi? Fundi, nionyeshe, yuko wapi?" Nilimwambia sioni kitu. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimejitazama.

Nilikiona Masasi, kwenye duka la simu lenye taa kila upande, mahali ambapo hakuna mteja mwenye kivuli. Mbele ya miguu yangu kilikuwepo kimoja. Mikono yangu yote ilikuwa mifukoni. Chenyewe kilikuwa kimenyoosha mkono, kiganja kimefunguka.

Nimehama miji tangu hapo, na wewe unajua kuhama si kazi kwangu. Tunahama pamoja. Nilimweleza Baba Zuhura kwa simu, na tangu siku hiyo hunipigia baada ya isha. Haniulizi kama nimekula wala kama nimepata kazi. Huuliza jambo moja.

"Hapo mlipo pana mwanga?"

Nami, hata umeme ukiwa umekatika, huwasha tochi kwanza, nikaielekeza chini, ndipo nikamjibu kwamba upo.

Kwa hiyo ukiitwa kufunga taa, uliza kwanza taa hiyo ni ya nani. Mkono ukitokeza uvunguni jua likizama, weka spana chini, urudi nyuma. Na kama nyumbani kwako yupo anayekuomba taa ya pili, mfungie leo, angali anaweza kukushukuru kwa mdomo wake.