Nambari ya Juu ya Barua

Juzi niliiona 786 nyuma ya tuktuk pale Ganjoni, nikamkumbuka bibi yangu wa Kibokoni. Alasiri moja nikiwa mtoto, nyumba ikinukia udi, alinipa karatasi nimwandikie mjomba aliyekuwa Maskati. Barua zote za bibi zilianza na nambari hiyo, nami niliamini ni ya nyumba ya mjomba. Sikujua ni jumla ya thamani za herufi za Bismillahi Rahmani Rahim, inayoandikwa badala ya maneno yenyewe ili jina la Mungu lisikanyagwe karatasi ikianguka. Siku hiyo niliandika 787.

Bibi hakujua kusoma, ila tarakimu alizijua. Kidole chake kikasimama pale juu.

"Mjomba si amehama nyumba," nikajitetea. "Nimemwekea nambari mpya."

"Mjombako kahama," akasema. "Mungu yuko pale pale. Futa."