Matofali Matatu

Ngazi ya mlango wa nyumba yangu kule Kisarawe ina urefu wa matofali matatu. Marehemu mume wangu aliinua msingi hivyo kwa ajili ya maji ya masika. Sikuwahi kuyahesabu mpaka nilipowekewa nyonga ya chuma.

Nilipotoka hospitali nikakaa kwa binti yangu, Misugusugu. Tulipatana kwamba siku nitakayopanda ngazi ile bila kusaidiwa, narudi kwangu. Nililisubiri hilo tu. Mtu uliyelima mihogo yako miaka yote, unakaaje sebuleni kwa mwanao kuulizwa kama umeshiba?

Kidonda kilipona. Maumivu ya zamani, yale ya mfupa kusagana, yakaisha. Yakaja mengine, mbele, kwenye kinena, kila nilipoinua paja kupanda kitandani au kuingia kwenye bajaji. Nikanyamaza. Nilijua nikisema watanibakiza. Nikawa nafunga mlango, napitisha kanga chini ya paja na kuunyanyua mguu kwa mikono, kama mzigo wa mtu mwingine.

Siku moja binti yangu akaingia bila hodi, akanikuta naivuta kanga kwa mikono miwili.

"Mama, ndoo hiyo unaivuta kutoka kisima gani?"

"Nanyoosha kanga."

"Na mguu wako ndani yake?"

Akanirudisha hospitali. Daktari akatazama picha, akasema chuma kiko mahali pake. Akaturudisha kwa dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akiniona tangu upasuaji.

"Bibi, kinachouma ni kano. Inapita mbele ya hiyo nyonga mpya na kusuguana nayo. Umewahi kupika makongoro?"

"Tangu mama yako hajazaliwa."

"Basi ile nyeupe inayokataa meno, ndiyo hiyo."

Hapo nikaelewa. Ile huiharakishi, hata uongeze kuni.

"Imeanza lini kuuma?"

"Miezi mitatu sasa."

"Na kila ukija hapa unasema hujambo."

"Nilitaka kwenda kwangu."

Binti yangu akaangalia dirishani. Alipokuwa mdogo aliwahi kunificha mwiba mguuni mpaka ukatunga usaha, kwa kuogopa nitamkataza kwenda kucheza. Nilimchapa, nikamwambia mtu anayeficha maumivu ni mjinga. Sijui kama alilikumbuka. Mimi nililikumbuka njia nzima, na tulipofika nyumbani nikampa ile kanga aifungie kabatini kwake.

Sasa nafanya mazoezi niliyofundishwa, asubuhi na jioni, kwa kipimo nilichopewa. Binti yangu ameweka tofali moja uani, karibu na ukuta. Nilipolizoea, dada wa mazoezi akaruhusu tuongeze la pili juu yake.

Jana nilipanda hayo mawili. Ikauma. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikamwita binti yangu kutoka jikoni, nikamwambia imeuma. Akafuta mikono, akainama, akaliondoa la juu.

"Kesho tena moja, mama."

"Moja," nikasema.